Miliampea Mia Tatu na Kumi

Ijumaa jioni naliacha likiwa zima.
Jumatatu alfajiri, sare mia na ishirini za shule nyuma ya kiti,
nazungusha ufunguo: tk.
Tk, kama mtu anayesonya.

Betri ya kwanza nilimlaumu aliyeniuzia.
Ya pili nililaumu baridi ya Julai.
Ya tatu, naona haya kuandika,
nilimlaumu Wafubwa, mlinzi wa lango,
nikasema mbele ya wapangaji
kwamba hulala ndani ya gari langu akisikiliza mpira.
Hakujibu. Alishika rungu lake kwa mikono miwili
akatazama ukuta wa reli.

Kyengo alikuja Jumapili kutoka Barabara ya Kirinyaga
na mita ya manjano iliyofungwa raba,
mtu mfupi, asiyependa maswali.
Akafungua boneti, akateremsha vioo,
akasukuma kitasa kwa bisibisi
mlango wenyewe ukiwa wazi,
gari lidhani limefungwa.
Akaitenga terminali hasi,
akaingiza mita katikati, kama mtu anayesimama mlangoni
kuhesabu wanaotoka.

"Sasa tungoje lilale."
Gari hulala?
"Dakika ishirini. Usiguse kitu. Usiegemee."

Tukakaa juu ya ndoo za rangi.
Kanisa la jirani lilikuwa limefika kwenye sadaka,
mtoto wa ghorofa ya tatu anaogeshwa kwa mayowe.
Namba zikashuka: ampea nne, mbili, moja,
nikaona kweli linasinzia, kiungo kwa kiungo,
kisha zikagota.
Sifuri nukta tatu moja.
"Miliampea mia tatu na kumi," akasema. "Kuna mtu hajalala."

Mimi ni mshonaji. Najua kutafuta sindano
iliyosahaulika ndani ya pindo:
hutazami, unabonyeza polepole, inchi kwa inchi,
hadi ikuchome.
Ndivyo alivyong'oa fyuzi,
moja, anatazama mita, anairudisha.
Honi: mia tatu na kumi.
Taa za breki: mia tatu na kumi.
Ya redio na saa:
kumi na nane.

Redio! Nikamtazama Wafubwa pale langoni,
ulimi umeanza kuniwasha.
Lakini Kyengo alishalala chali chini ya usukani,
miguu nje, tochi mdomoni,
akifuata waya mwekundu usio wa kiwandani,
uliofungwa utepe mweusi na mtu mwenye haraka.
Akatoka na kidude cheusi, ukubwa wa kibiriti,
kinakonyeza kijani.

Nilikijua.

Januari ile vitambaa vilipopanda bei
niliweka rehani kitabu cha gari kwa vijana wa Westlands,
tai nyembamba, maji ya chupa,
nao wakafunga hiki wajue gari liko wapi
hadi nimalize. Nilimaliza.
Miaka miwili na miezi minne sasa. Risiti ninayo.
Hakuna aliyekuja kukitoa
na mimi sikuuliza; ukimaliza deni unakimbia, hugeuki nyuma.
Kumbe kila usiku kiliamka kutafuta mtandao,
kikiwaambia watu wasiouliza tena:
liko Uhuru. Liko Uhuru. Bado liko Uhuru.
Kiliwaambia pia Mbagathi, wiki zile sita za mama,
na Alhamisi moja niliyoegesha kando ya uwanja wa Nyayo
saa nne nzima,
jambo ambalo sijamwambia mtu.

"Nikate?"
Nikatoa mkasi wangu mwenyewe, wa kitambaa,
ambao simruhusu mtu kukatia hata karatasi.

Kwa Wafubwa sikupata maneno.
Nilivua utepe wa vipimo shingoni, nikampima mabega.
Alisimama wima, kimya,
na aliponiona naandika namba akasema:
"Mikono iwe mirefu, mama. Usiku kuna baridi."

Kile kidude nilikitia kwenye kopo la vifungo.
Kina kibetri chake ndani;
kilikonyeza siku mbili zaidi,
kikiripoti Westlands
mahali lilipo kopo.